Karavani la Wiki ya Tisa

“Usiuguse huo ubao, Glenda.”

Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya karavani, kichwa kimezama kwenye sanduku lililo chini ya kiti cha mbele, bisibisi mkononi. Nikageuka. Royston Blenkin, mwanaume niliyekuwa nifunge naye ndoa baada ya wiki tano, alikuwa amesimama mlangoni, mvua inamchuruzika kutoka kwenye kofia, uso umempauka kama unga.

“Nisiuguse kwa nini?”

“Si mali yetu. Mwenyewe atakasirika.”

“Kipimo cha unyevu kimelia, Royston. Umekisikia kwa masikio yako. Kona hii imelowa. Unataka nitoe pesa bila kuona kilichopo nyuma?”

“Basi tuliache. Turudi Hornsea tukachukue lile dogo.”

“Lile linalovuja?”

“Linavuja kidogo.”

“Wewe! Fundi wa miaka ishirini na sita unaniambia kidogo?”

Akabaki anatazama bisibisi yangu kama mtu anayetazama kisu.

Wiki nzima tulikuwa tunavutana juu ya jambo hilo. Makaravani ambayo mifuko yetu ingeyaweza yalikuwa mawili tu. La kwanza lilikuwa la Bi Jessop, mjane wa Hornsea: dogo, vitanda viwili, mapazia ya rangi ya haradali, limeegeshwa ubavuni mwa nyumba yake tangu mumewe afariki. Yule mama alitumiminia chai, akatuambia bila kuulizwa, “Dirisha la paani linaingiza maji upepo ukitoka baharini. Nawaambia leo msije mkanitukana kesho.”

La pili ndilo hili, kwenye yadi ya Duffill nje kidogo ya Beverley. Aina yake Larkholme. Vitanda vinne, choo, oveni, na hita inayowaka kweli. Tena lilitoka kiwandani kwetu. Mimi nilikuwa nashona mito na mapazia. Royston alikuwa meza ya nne, anafunga kuta na makabati. Kaka yangu Mally alikuwa anaunga mapaa.

Nililitaka kwa kiburi, sifichi. Miaka yote tuliyojenga vitu hivi hatukuwahi kuvipanda. Vilitoka getini vikaenda kwa mameneja wa benki na wake zao, sisi likizo tukapanda basi kwenda Withernsea na kurudi jioni hiyohiyo, mchanga kwenye soksi. Nikasema safari hii hapana. Tukitoka kufunga ndoa, mimi na Royston tunalikokota letu mpaka Uskochi.

“Mama, hicho kipimo chako ni kizee kuliko karavani!” Duffill alipaza sauti kutoka nje, kikombe mkononi. “Mvua ya wiki mbili hii, hata mimi ukinichoma nacho nitalia!”

“Wewe ungelia bila kuchomwa, Duffill. La mwaka gani hili?”

“Toleo la elfu mbili na nne. Mwenyewe alikuwa mchungaji. Halijawahi kulaliwa na mtu mwenye dhambi.”

“Toleo la 2004 tulianza kuliunda Septemba 2003,” nikamwambia. “Na Septemba 2003 tulikuwa nje.”

“Nje wapi?”

“Nje ya geti. Tumegoma. Kuanzia tarehe kumi na nane Agosti mpaka tarehe thelathini na moja Oktoba. Wiki kumi na moja. Kwa hiyo hili ama liliundwa baada ya sisi kurudi, ama liliundwa na wasaliti walioingia kazini.”

“Sasa mimi aliyeliunda nitamjulia wapi? Lina magurudumu, lina choo. Jamani!”

Nikaingiza bisibisi. Skrubu zilikuwa nne.

“Glenda,” Royston akasema nyuma yangu. “Kamanda. Nakuomba.”

Kamanda ni jina alilonipa enzi za mgomo, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mikononi mwangu. Siku zote alilitamka kwa kucheka. Siku hiyo hakucheka.

Ubao ukatoka.

Pale kiwandani tulikuwa na desturi yetu. Fundi kabla hajafunga ubao wa mwisho aliandika jina lake na tarehe kwa penseli, upande wa ndani, usioonekana. Meneja alipiga marufuku, akabandika tangazo ukutani, na sisi tukaandika hata nyuma ya tangazo. Karavani likiuzwa jina la tajiri liko mbele kwa herufi za fedha. La kwetu liko gizani, lakini lipo. Mkono ulizoea kiasi kwamba hujui hata kama umeandika.

Nikaugeuza ubao kuelekea dirishani. Plaiwudi ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi pembeni. Katikati palikuwa pakavu, na penseli ilisomeka kama ya jana.

*R. Blenkin. Meza ya 4. 16 Okt. 2003.*

Nikaisoma mara tatu.

“Royston, njoo unisomee. Macho yangu yamechoka.”

“Najua ilivyoandikwa,” akasema.

Duffill akachungulia mlangoni. “Vipi humo ndani? Kuna panya?”

“Yupo mmoja,” nikamjibu. “Tuachie dakika mbili.”

Duffill akamtazama Royston, akanitazama mimi, akaondoka na chai yake.

Tarehe kumi na sita Oktoba 2003 ilikuwa Alhamisi. Wiki ya tisa. Mvua ilikuwa inapiga ubavu, pipa letu la moto pale getini linatoa moshi tu. Saa moja kasorobo asubuhi likaja gari la wasaliti, vioo vyeusi, mbele limefunikwa kwa wavu wa waya. Kila siku lilikuja hilo. Tulijua wamo kumi na wanne, na kumi na watatu tuliwajua kwa majina. Asubuhi ile halikupunguza mwendo. Mally alikuwa mbele, kibao cha mgomo kifuani. Likampiga likamtupa ukingoni mwa barabara, mfupa wa mkono ukavunjika vipande viwili, nalo likaingia ndani na geti likafungwa.

“Ulikuwa kwenye lile gari,” nikasema.

“Ndiyo.”

“Ulituambia uko Scarborough unamuuguza mama yako. Jumatatu mpaka Ijumaa, Scarborough.”

“Ndiyo.”

“Ulisikia alivyogongwa?”

“Nilisikia kishindo. Wakasema ni kibao tu.”

“Halafu ukashuka, ukashika nyundo, ukafunga ukuta huu.”

“Glenda…”

“Na Jumamosi ukaja pale motoni na sufuria ya supu! Ukamnywesha Mally kwa kijiko kwa sababu hawezi kushika! Supu ya nini ile, Royston? Nikumbushe.”

“Mbaazi,” akasema. “Mbaazi na nyama ya nguruwe.”

Nikakaa chini pale pale, ubao magotini.

* * *

Njiani kurudi Hull alikuwa anaendesha yeye. Vifuta mvua vinakwenda, tukafika kwenye mzunguko wa barabara.

“Sema,” nikamwambia.

“Niseme nini ambacho utakielewa?”

“Mimi ni mshona mapazia. Jaribu.”

“Wiki ya tatu mke wangu Carole aliniambia, ama unarudi kazini ama nachukua watoto naenda kwa mama. Alikuwa amefunga mabegi. Yako mlangoni, Glenda. Kirsty ana miaka minne amekaa juu ya begi anakula mkate.”

“Mume wangu naye alifunga mabegi. Mimi nilimfungulia mlango.”

“Wewe ni wewe.”

“Na Carole si alikwenda vilevile?”

“Mwaka uliofuata. Na fundi wa mabomba.” Akacheka kidogo, kicheko kibaya. “Kwa hiyo niliwauza ninyi nikanunua miezi kumi.”

“Tungekaa nje wiki mbili zaidi wangesalimu amri, unalijua hilo? Walikuwa na oda za maonyesho. Walihitaji fundi mmoja tu wa kuta anayejua kazi, makaravani yatoke. Tulikuwa tunajiuliza kila siku ni nani anayewafungia kuta. Wale kumi na watatu hakuna hata mmoja aliyejua kushika randa!”

“Najua.”

“Waliporudisha watu wakawaacha arobaini nje. Mally mmojawapo. Kila geti aliloligonga Yorkshire nzima wanamuuliza jina, wanafungua daftari la waliogoma, wanamwambia hakuna nafasi. Amekunywa pombe miaka minane mpaka akafa peke yake kwenye chumba kinachonuka paka. Na jeneza lake, Royston, upande wa kushoto mbele, alibeba nani?”

Akasimamisha gari kando ya barabara. Malori yanapita yanaturushia maji.

“Nilibeba mimi,” akasema. “Na ndiyo siku niliyotaka kukwambia. Ukanishika mkono pale makaburini ukasema, ‘Asante, wewe ni mtu wa kweli.’ Nikashindwa. Halafu nikaanza kukupenda, nikashindwa zaidi.”

Nyie mnaosoma mtaniona mjinga, lakini hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sababu nilimwamini. Miaka kumi na miwili mtu huyu alinibebea makaa, alikaa nami hospitali waliponikata uvimbe, alinijengea rafu ya vitabu ukuta mzima. Yote yale hayakuwa uongo. Ingekuwa rahisi kama yangekuwa uongo.

“Alhamisi,” nikasema nikijifuta. “Klabuni, saa nne asubuhi. Unasimama mbele ya wenzetu wa mgomo, unasema mwenyewe kwa mdomo wako.”

“Glenda, hapana.”

“Ukisema, mimi nasimama ubavuni mwako. Wakikutukana, wanatukana wawili. Ndoa ipo palepale. Usiposema, hakuna ndoa.”

“Wataniua.”

“Wana miaka sabini na kitu, Royston. Watakuua na nini, fimbo za kutembelea?”

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

* * *

Jumanne simu ikalia. Ujumbe wake.

“Kamanda, nimeandika nitakachosema. Nimekichana mara nne.”

Nikajibu: “Andika cha tano.”

Jumatano akapiga.

“Duffill ameuliza kama tumeamua.”

“Mwambie ukuta wake wa mbele umeoza.”

“Nimemwambia. Glenda, unajua kwa nini umeoza?”

“Kwa nini?”

“Siku ile sikuweka gundi ya kuzibia. Mikono ilikuwa inatetemeka baada ya kile kishindo. Nilipitisha ubao mkavu nikagonga misumari. Ndiyo kazi mbovu pekee niliyowahi kufanya maishani.”

“Si ndiyo mbovu pekee,” nikasema, nikakata simu. Halafu nikajuta, nikaishika simu nusu saa nzima bila kumpigia.

Klabu yetu ni chumba kimoja juu ya duka la mazulia. Kila Alhamisi wanakuja waliobaki, watu saba, wanakunywa chai na kugombania biskuti. Royston alikuwa haikosi hata Alhamisi moja. Walt Harker, mzee wetu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa pipa la moto.

“Bwana harusi yuko wapi?” Walt akaniuliza nilipoingia. “Ametoroka tayari? Mimi ningetoroka.”

“Anakuja.”

“Mwambie nimenunua suti. Ya kuzikia, lakini nitaivaa na harusini kwenu.”

Saa nne ikafika. Saa nne na robo. Nikaenda dirishani. Chini, kwenye maegesho, gari lake lilikuwapo. Injini inanguruma, vifuta mvua vinakwenda huku na huku, naye ndani, mikono kwenye usukani.

Nikashuka ngazi, nikafungua mlango wa abiria, nikaingia. Karatasi ilikuwa magotini pake, imekunjwa vizuri.

“Umekuja,” nikasema.

“Niko hapa tangu saa tatu.”

“Ni ngazi kumi na nane tu, Royston. Twende. Nitakushika mkono.”

“Siwezi.”

“Kule getini uliweza kuingia mbele ya watu mia mbili. Humu kuna wazee saba na sahani ya biskuti.”

“Kule nililala sakafuni mwa gari na koti kichwani!” Ni mara ya kwanza kumsikia akipiga kelele. “Kila siku! Sikumwona mtu hata mmoja usoni! Hapa nitamwona Walt. Atanitazama, Glenda. Atanitazama tu, hatasema kitu, unamjua.”

“Ndiyo. Atakutazama. Ndiyo bei yake.”

Akanigeukia, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi.

“Sikiliza. Tuondoke. Sasa hivi. Twende Hornsea tukachukue lile dogo, dirisha nitaliziba mimi, siku moja tu kazi yake. Tutakwenda Uskochi, hata tusirudi. Nani atajua?”

“Mimi.”

“Wewe unanipenda.”

“Nakupenda.”

“Basi?”

“Basi nini? Unataka nilale na wewe kitanda cha futi nne na nusu, kila nikifumba macho nasikia kishindo? Nataka mwanaume anayeweza kupanda ngazi kumi na nane. Sikutaka zaidi ya hapo.”

Nikamsubiri. Niliwahi kusubiri wiki kumi na moja kwenye mvua, lakini zile dakika zilikuwa ndefu zaidi. Mkono wake ulikwenda kwenye kitasa cha mlango, nikauona. Ukabaki pale. Halafu ukarudi kwenye usukani.

Nikavua pete. Haikutaka kutoka, nikakilamba kidole kama mtoto, ikatoka. Nikaiweka juu ya ile karatasi.

“Glenda.”

“Nenda nyumbani, Royston. Utapata mafua.”

Nikapanda ngazi peke yangu. Wote saba wakanitazama.

“Amepatwa na nini?” Walt akauliza.

Nikawaambia. Nilisimama, sikukaa, nikasema tarehe, meza, na gari. Sikuongeza hata neno moja la matusi, mimi ambaye matusi ndiyo ufundi wangu. Nilipomaliza birika lilikuwa linachemka.

“Miaka ishirini namkatia keki,” Walt akasema polepole. “Anapenda kipande cha pembeni.”

Mavis Tranmer, aliyekuwa akipaka rangi kiwandani, akaweka kikombe chini. “Na sasa tufanye nini na hasira hii, Glenda? Mimi nina miaka sabini na tatu. Nitaipeleka wapi?”

Maisha yangu yote mtu akiuliza tufanye nini, mimi ndiye mwenye jibu. Siku hiyo nikajimiminia chai.

Chini tukasikia gari linaondoka.

* * *

Bi Jessop alinipa ufunguo wa karavani dogo Jumamosi ya mwisho wa Aprili.

“Na yule bwana?”

“Hatakuja.”

“Amekufa?”

“Hapana.”

“Pole sana, mwanangu,” akasema. “Wangu angalau alikufa.”

Sikwenda Uskochi. Nililikokota mpaka kwenye uwanja wa makaravani juu ya mwamba karibu na Withernsea, nikamwomba mtu wa jirani anisaidie kulirudisha nyuma kwenye nafasi yake kwa sababu mara tatu lilijikunja likanishinda. Nikawasha gesi, nikapika maharage, nikala nikitazama bahari iliyo rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Siku ya pili upepo ukageuka ukaanza kutoka huko.

Saa kumi jioni simu ikalia. Ujumbe wa Royston. Wiki tano nilikuwa sijasikia kitu.

“Nimesikia uko Withernsea. Upepo umegeuka. Je, dirisha linavuja?”

Nilisoma nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Matone yalikuwa yanaanguka katikati ya mto, tena si machache. Nilikuwa nimeshaweka sufuria, nimeshaweka na bakuli, na sasa nilikuwa natafuta kitu cha tatu.

Nikaandika: “Halivuji.”

Kwa sababu nikimwambia kweli atakuja. Atakuja saa hiyohiyo na ngazi yake na gundi yake, atapanda paani mvua inamnyeshea, na ataziba vizuri kama alivyokuwa akiziba kila kitu isipokuwa kimoja. Halafu atashuka, atagonga mlango.

Nami nitamfungulia.